Uteuzi wa Gundi na Ubandikaji wa Sponji katika Viti vya Watoto Wenye Mtindio wa Ubongo: Ufafanuzi kwa Mazingira ya Irente, Lushoto

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kuteua gundi na kubandika sponji katika viti maalumu vinavyotumiwa na watoto wenye mtindio wa ubongo, kwa kuzingatia mazingira ya Irente, wilayani Lushoto. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya gundi peke yake si kigezo cha kutosha. Gundi inayofaa ni ile inayopatana na aina ya sponji, inayovumilia maji yatakayoifikia, na inayoweza kukauka vizuri katika hewa ya mahali kazi inapofanyika. Makala yanaonyesha kwamba katika eneo la mlima lenye ukungu, kasoro nyingi za kiungo zinaweza kuanza dakika chache baada ya gundi kupakwa, kabla hata kiti hakijakaliwa. Aidha, yanaeleza jaribio rahisi la kubandua ambalo fundi anaweza kulifanya bila chombo cha maabara, pamoja na tahadhari zinazowahusu fundi na mtoto.

1.0 Utangulizi

Irente ni eneo la milima ya Usambara Magharibi, kilomita chache kutoka mji wa Lushoto, mkoani Tanga. Wageni wengi hulifahamu kwa genge lake refu. Anayesimama ukingoni huiona Mazinde na nyika iliyo chini yake kwa yapata mita 1,000. Eneo hilo linafahamika pia kwa taasisi za Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, Dayosisi ya Kaskazini Mashariki, zikiwamo shule ya watoto wasioona, kituo cha kulelea watoto wadogo, na Shule ya Rainbow inayowapokea watoto wenye ulemavu wa akili. Katika Magamba, ng'ambo ya mji wa Lushoto, dayosisi hiyo ilianzisha mwaka 2007 chuo kikuu kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa, ambacho elimu ya mahitaji maalumu ilikuwa miongoni mwa fani zake kuu. Kwa hiyo suala la vifaa vya watoto wenye ulemavu si geni katika milima hii.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye hawezi kujishikilia anapokaa huhitaji kiti kinachomshika: ubao wa mgongo, vizuizi vya ubavuni, kigingi kati ya mapaja, egemeo la kichwa na mahali pa kuwekea nyayo. Kila sehemu inayogusa mwili huwekewa sponji. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2008 kuhusu viti vya magurudumu katika maeneo yenye rasilimali chache unasisitiza kwamba kiti kinachofaa hukidhi mahitaji ya mtumiaji na mazingira yake, humkaa vizuri, ni salama na cha kudumu, na huweza kupatikana na kutengenezwa ndani ya nchi kwa gharama inayomudika. Nchini Tanzania, chuo cha TATCOT kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafundisha wataalamu wa viungo bandia na vifaa saidizi tangu miaka ya 1980. Hata hivyo, si kila kiti hutoka katika karakana ya wataalamu. Vingine hutengenezwa na seremala wa kijijini kwa vipimo alivyoletewa na mzazi au mwalimu, na baada ya miezi kadhaa ukarabati wake humrudia seremala huyohuyo.

Katika gharama ya kiti cha namna hiyo, gundi huchukua sehemu ndogo sana. Lakini sponji ikibanduka, kiti kizima hupoteza maana yake. Makala haya hayachunguzi karakana ya taasisi yoyote mahususi. Yanafafanua kanuni za kazi na namna kanuni hizo zinavyobadilika zinapopandishwa mlimani.

2.0 Kiungo cha Sponji na Ubao

Suala la kubandika sponji hujitokeza katika kazi nyingi: samani, magari, viatu na mashua ndogo. Mfano wa mashua unafaa kwa ulinganisho, kwa sababu huko maji ndiyo adui wa kwanza wa gundi. Sponji ya kukalia au ya kukingia magoti ndani ya mashua hurushiwa maji ya chumvi, hukaushwa na jua, kisha hurushiwa tena. Katika kiti cha mtoto maji huja kwa njia nyingine: jasho, mate, mkojo, maji ya kufulia, na ukungu unaoingia hadi ndani ya nyumba. Tofauti kubwa iko kwa mtumiaji. Aliye ndani ya mashua akihisi sponji imeteleza hujisogeza au huirudisha mahali pake. Mtoto asiyeweza kujigeuza, na pengine asiyeweza kusema, hubaki amekaa juu ya ukingo wa ubao hadi mtu mwingine atakapogundua. Nyonga huinama upande mmoja, uti wa mgongo hufuata, na mahali ambapo mfupa unakandamiza ngozi damu haipiti vizuri. Hiyo ndiyo njia ambayo vidonda vya mgandamizo huanzia.

Mashua za mbao za pwani zinatoa funzo jingine. Mafundi huziba nafasi kati ya mbao kwa kalafati, yaani pamba yenye mafuta inayoshindiliwa kwa patasi na nyundo. Mbao zikilowa huvimba na kuibana pamba, hivyo kiungo hukaza zaidi kikiwa majini. Kiungo cha sponji na ubao hufanya kinyume. Ubao ukilowa huvimba na ukikauka husinyaa, lakini sponji haifuati mwendo huo kwa kiasi kilekile. Katikati yake imo gundi, ambayo kila msimu huvutwa na kuachiwa. Gundi inayokuwa ngumu kama kioo, hata ikiwa na nguvu nyingi, hupasuka au huichana sponji kwenye kingo zake. Kwa hiyo sifa ya kwanza inayotakiwa ni unyumbufu.

Sifa ya pili inahusu mahali nguvu inapofikia kikomo. Sponji ndiyo kitu dhaifu kuliko vyote katika kiungo. Mtu huweza kuichana kwa vidole. Ikiwa gundi imeshika kwa nguvu inayozidi kidogo ile ya sponji kuchanika, kuongeza nguvu zaidi hakuna faida. Swali la fundi, basi, si gundi ipi ina nguvu kuliko zote. Swali ni gundi ipi itaendelea kuishinda sponji baada ya kulowa, kukauka na kukandamizwa mara nyingi.

3.0 Aina za Sponji

Neno "sponji" katika matumizi ya kila siku hujumuisha vitu vyenye kemia tofauti, na ni vema vitenganishwe kabla gundi haijanunuliwa.

Aina ya kwanza ni sponji ya magodoro, ambayo ni poliurethani. Msingi wa kemia yake uliwekwa na Otto Bayer na wenzake nchini Ujerumani mwaka 1937. Vitundu vyake vimefunguka na kuunganika, ndiyo maana hunywa maji na kupitisha hewa. Hushikwa na gundi nyingi kwa urahisi, kwa sababu gundi huingia kidogo ndani ya vitundu na kujifunga humo. Udhaifu wake ni kwamba huchanika mapema, huhifadhi unyevu, na hupoteza uthabiti kwa kukaa katika mwanga wa jua.

Aina ya pili ni sponji ngumu yenye vitundu vilivyofungwa, kama ile ya ndala na ya mikeka ya mazoezi. Nyingi katika kundi hili ni eva au poliethilini. Hainywi maji, hivyo hufaa kwa vizuizi vya ubavuni na mahali panapolowa. Ugumu wake ni katika kushikwa. Uso wa poliethilini ni kama jani la mgomba: tone la maji husimama juu yake badala ya kutandaa, na gundi hufanya vivyo hivyo. Gundi isiyotandaa haishiki, hata ikiwa ni ya bei ya juu kiasi gani. Eva ni afadhali, hasa ikipigwa msasa kwanza.

Aina ya tatu ni polistirini, ile nyeupe yenye punje inayofungiwa vyombo vya umeme. Haifai kukaliwa, lakini hutumiwa kujazia nafasi. Gundi zenye viyeyushi huiyeyusha na kuacha shimo. Mafundi wa mashua za faiba wanalijua jambo hili kwa namna nyingine: rezini ya poliesta, ambayo ndani yake mna stirini, huila polistirini, ilhali epoksi haiidhuru.

Kuzitambua hakuhitaji maabara. Kipande kikikamuliwa ndani ya maji na kuachiwa, cha vitundu wazi hutoa mapovu kisha hunywa maji na kuwa kizito. Cha vitundu vilivyofungwa huelea kikiwa kikavu ndani. Tone la maji juu ya uso huonyesha kama gundi itatandaa. Tone la thina juu ya kipande kidogo, nje ya nyumba, huonyesha kama sponji itayeyuka. Jaribio la kuchoma moto halifai, kwa sababu moshi wa poliurethani una sumu, ikiwamo sianidi.

4.0 Aina za Gundi

Gundi inayotumiwa zaidi na mafundi viatu na mafundi wa samani ni ile ya rangi ya manjano au kahawia, ambayo hupakwa pande zote mbili, huachwa ikauke kidogo, kisha pande hizo hukutanishwa. Kiini chake kwa kawaida ni mpira wa polikloroprini, uliobuniwa Marekani mwaka 1930, ukiwa umeyeyushwa katika mchanganyiko wa viyeyushi kama tolueni, heksani na asetoni. Hushika papo hapo, hubaki na unyumbufu, na huvumilia maji ikishakauka. Kwa sponji ya poliurethani na kwa eva juu ya ubao, ndiyo chaguo la kwanza. Kasoro zake ni mvuke wenye sumu na unaowaka, na utegemezi wake mkubwa kwa hali ya hewa wakati wa kupakwa.

Gundi nyeupe ya seremala ni chembe za plastiki zilizotawanywa katika maji. Haina mvuke mkali, na kwa mtoto ni salama zaidi. Huweza kushika sponji yenye vitundu wazi juu ya ubao mkavu, kwa sababu maji yake hupata pa kutokea. Kati ya nyuso mbili zisizopitisha maji haikauki. Zaidi ya hayo, aina za kawaida hulainika tena zikilowa, hivyo hazifai mahali mkojo unapofika.

Gundi ya poliurethani, inayotumiwa katika mashua kwa sababu ya kuvumilia maji, hukomaa kwa kutumia unyevu wa hewa. Kwa hoja hiyo pekee inaonekana kuumbwa kwa ajili ya mlima wenye ukungu. Lakini hutoa povu inapokomaa, huweza kuacha ukingo mgumu ndani ya sponji laini, na huhitaji kubanwa kwa saa kadhaa. Inafaa zaidi kuunga mbao za kiti kuliko kubandika mahali pa kukalia.

Epoksi ina nguvu nyingi lakini huwa ngumu. Ikinywewa na sponji huigeuza kuwa ganda, na ganda hilo chini ya nyonga ya mtoto ni sawa na ubao mtupu. Gundi ya kudondosha inayoshika kwa sekunde huleta tatizo hilohilo kwa kiwango kidogo.

Uji wa unga nao unastahili kutajwa. Katika teknolojia ya karatasi iliyoendelezwa Zimbabwe na Bevill Packer, viti vya watoto wenye ulemavu hutengenezwa kwa maboksi na karatasi zilizogandishwa kwa uji wa unga. Viti hivyo huweza kuwa imara na vya gharama ndogo sana. Lakini uji hulegezwa na maji, hivyo uso wa karatasi lazima ukauke kabisa na ufunikwe kwa rangi au vanishi kabla ya sponji kubandikwa. Gundi ya sponji haiwezi kuwa imara kuliko karatasi iliyo chini yake.

5.0 Ukungu na Kiwango cha Umande

Maelekezo mengi yanayoandikwa kwenye makopo ya gundi hudhania chumba chenye joto la wastani na hewa kavu. Irente iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,400. Huko masika huanza Machi hadi Mei, vuli huja kati ya Oktoba na Desemba, na miezi ya kipupwe katikati ya mwaka huwa na baridi na ukungu. Sababu yake ni ya kifizikia. Hewa inayopanda mlima hupoa kwa karibu nyuzi joto moja kwa kila mita 100 kabla haijaanza kufanya wingu. Hewa yenye nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 60 pale Mazinde, ikipandishwa mita 1,000, hufika juu ikiwa na nyuzi joto 20 hivi na imekaribia kushiba maji. Hewa ileile iliyokuwa ikikausha nguo chini, juu haizikaushi.

Kila hewa ina kiwango chake cha umande, yaani joto ambalo ikipoa hadi hapo, maji huanza kujitenga na kutulia juu ya vitu. Kwa hewa ya nyuzi joto 30 na unyevu wa asilimia 60, kiwango hicho ni nyuzi joto 21 hivi; uso wa kitu unapaswa kupoa kwa zaidi ya nyuzi nane ndipo ulowe. Kwa hewa ya nyuzi joto 18 na unyevu wa asilimia 90, ambayo si ngeni katika asubuhi ya ukungu, kiwango cha umande ni karibu nyuzi joto 16. Hapo uso ukipoa kwa nyuzi mbili tu, umande hutua.

Gundi yenye kiyeyushi hujipoza yenyewe. Kiyeyushi kinapovukiza huondoka na joto, kama ngozi inavyopoa ikipakwa spiriti kabla ya sindano. Upoaji huo huweza kuzidi nyuzi mbili kwa urahisi. Matokeo yake ni utando mwembamba wa maji juu ya gundi, usioonekana isipokuwa kwa weupe hafifu. Fundi hugusa, huona gundi imekauka, hukutanisha pande mbili, na hazishiki kwa sababu kati yake mmekaa maji. Siku hiyo sponji huonekana imekaa. Baada ya wiki kadhaa huanza kuinuka pembeni, na lawama huelekezwa kwa gundi.

Kutokana na maelezo hayo, uamuzi muhimu zaidi wa fundi wa Irente huenda ukawa saa ya kufanya kazi kuliko jina la kopo. Kazi ifanywe kuanzia ukungu unapoinuka hadi alasiri, siku ambayo nguo zilizoanikwa zinakauka. Ubao, sponji na kopo vilazwe ndani ya nyumba usiku uliotangulia ili visiwe baridi kuliko hewa. Kitu baridi kikiingizwa kwenye hewa yenye unyevu hulowa hata bila gundi. Kopo lililofungwa vizuri laweza kuwekwa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yaliyokwisha kuepuliwa, kamwe lisiwekwe juu ya moto. Kabla ya kupaka kiti chenyewe, gundi kidogo ipakwe juu ya kipande cha ubao na kuangaliwa kwa dakika kumi. Ikigeuka kuwa na weupe kama imefukiwa na mvuke, kazi iahirishwe.

Kwa gundi ya maji tatizo ni tofauti. Haipati utando wa umande kwa namna hiyo, ila katika hewa iliyoshiba maji yake hayana pa kwenda. Yaliyochukua saa chache Tanga mjini yaweza kuchukua siku nzima au zaidi Irente, na katika baridi kali chembe zake hushindwa kuungana na kubaki kama chaki.

6.0 Hatua za Ubandikaji

Hatua ya kwanza ni ubao. Mashamba ya miti ya Shume, katika wilaya hiyohiyo, hutoa msindano na msaiprasi, na mbao za namna hii huuzwa mara nyingine zikiwa bado mbichi. Ubao mbichi hutoa unyevu chini ya gundi, na msindano hutoa utomvu. Kwa hiyo ubao ukaushwe kivulini, upigwe msasa, na vumbi liondolewe kwa kitambaa kikavu. Uso uliopakwa rangi ya mafuta usibandikwe kabla rangi haijakwanguliwa, kwa sababu gundi itashika rangi, nayo rangi itauachia ubao.

Hatua ya pili ni sponji. Ikatwe ikiwa kubwa kuliko ubao kwa milimita chache, ili kingo zake zikae zikiwa zimebanwa badala ya kuvutwa. Sponji iliyovutwa hubaki ikitafuta kurudi nyuma, na nguvu hiyo hukusanyika pembeni mwa gundi usiku na mchana.

Hatua ya tatu ni kupaka. Ubao hupakwa tabaka la kwanza jembamba, ambalo hunywewa. Likikauka hupakwa la pili. Sponji ya vitundu wazi hupakwa mara moja kwa kipande bapa cha plastiki au bati, ili gundi ikae juu bila kuzama. Gundi iliyozama haishiki vizuri zaidi. Hukausha taratibu, hunuka kwa muda mrefu, na huacha ganda.

Hatua ya nne ni kusubiri. Katika hewa kavu dakika 10 hadi 20 hutosha. Katika hewa ya mlima muda huongezeka. Kipimo ni kifundo cha kidole: kikigusa gundi kiinuke bila kuvuta nyuzi. Anayekutanisha mapema hufungia kiyeyushi ndani, na anayechelewa hukuta uso umekufa.

Hatua ya tano ni kukutanisha. Kwa kuwa gundi hii hairuhusu kusogeza, karatasi safi huwekwa kati ya sponji na ubao, mahali husawazishwa, kisha karatasi huvutwa kidogo kidogo huku sponji ikikandamizwa kuanzia katikati kwenda pembeni. Kinachohitajika ni mgandamizo wa nguvu kwa muda mfupi. Chupa inayoviringishwa juu ya sponji hutosha. Kiti kipumzishwe kwa siku moja kabla ya kuvishwa kitambaa, na kibaki mahali penye hewa hadi harufu iishe kabisa kabla mtoto hajakikalia.

7.0 Mahali pa Kubandika na Mahali pa Kuacha

Kiungo cha gundi huvumilia sana nguvu inayoteleza sambamba na uso, kwa sababu eneo lote hufanya kazi kwa pamoja. Huvumilia kidogo nguvu inayobandua, kwa sababu hiyo hukusanyika kwenye mstari mmoja wa ukingo. Mtoto anayejinyoosha ghafla kwa mkakamao wa misuli huisukuma sponji ya mapaja kwa kuteleza, lakini huibandua ile ya kizuizi cha ubavuni. Kitambaa kilichovutwa sana nacho hubandua. Dawa yake ni kukizungusha kitambaa hadi nyuma ya ubao na kukifunga huko, ili ukingo wa sponji ulindwe na kitambaa badala ya kuachiwa gundi peke yake. Kitambaa kinachoweza kuvuliwa na kufuliwa ni bora kuliko kilichobandikwa, kwa kuwa mkojo uliofungiwa ndani huoza sponji na kudhuru ngozi.

Sponji ya kukalia haihitaji kupakwa gundi eneo lote. Ukanda kuzunguka kingo hutosha kuizuia isisogee, na chini ya mifupa ya nyonga paachwe bila gundi ili ulaini usipungue. Panapowekwa tabaka mbili, ngumu chini na laini juu, kanuni ni hiyohiyo. Faida nyingine ya ukanda ni ukarabati: sponji iliyochoka huondolewa bila kuuharibu ubao. Mtoto hukua, na kiti kisichoweza kufumuliwa kina maisha mafupi.

8.0 Jaribio la Kubandua

Uteuzi wa gundi unaweza kuthibitishwa kwa jaribio dogo. Vipande sita vya sponji, kila kimoja chenye upana wa sentimita 3 na urefu wa sentimita 15, hubandikwa juu ya ubao uleule utakaotumika, na ncha ya kila kipande huachwa bila gundi ili ishikwe. Baada ya siku mbili, vipande vitatu hubanduliwa vikiwa vikavu. Vitatu vingine hulowekwa majini kwa siku moja, huachwa vichuruzike, kisha hubanduliwa. Linaloangaliwa ni mahali kiungo kilipoachana, zaidi ya nguvu iliyotumika.

Matokeo huwa ya namna tatu. Sponji ikichanika yenyewe na kuacha nyama yake juu ya ubao, gundi imeshinda na inatosha. Gundi ikitoka nzima kwenye ubao au kwenye sponji, kasoro iko kwenye uso: vumbi, mafuta, utomvu, umande, au sponji isiyoshikika. Gundi ikigawanyika katikati, ikabaki pande zote mbili, ilipakwa nene au ilikutanishwa kabla ya wakati. Ikiwa vipande vikavu vilichanika vizuri na vilivyoloweshwa vikatoka vizima, gundi hiyo haifai kwa sehemu ya kukalia, ingawa yaweza kufaa kwa egemeo la mgongo.

Jaribio hili lina thamani ya kitaaluma pia. Linamwezesha mtafiti kulinganisha gundi, misimu na aina za mbao kwa kuhesabu aina za mwachano, bila kutegemea kauli kwamba gundi fulani "ni kali".

9.0 Usalama

Mvuke wa tolueni una uzito wa zaidi ya mara tatu ya ule wa hewa, hivyo hutuama chini, usawa wa sakafu ambako watoto hukaa na kutambaa. Tolueni huweza kutoa mvuke unaoshika moto kuanzia nyuzi joto 4, na heksani na asetoni hata chini ya sifuri. Baridi ya Irente, kwa hiyo, si kinga. Jiko la mkaa lililowashwa kupasha chumba joto ndilo hatari kubwa kuliko zote katika kazi hii. Heksani ina madhara ya polepole: katika miaka ya 1960 nchini Japani, watengenezaji wa ndala waliofanya kazi katika vyumba vyenye hewa finyu walipata ganzi na udhaifu wa miguu na mikono kutokana na kuathirika kwa neva. Kazi ifanywe barazani au kwenye madirisha yaliyo wazi pande mbili. Gundi isizimuliwe kwa petroli. Makopo yafungiwe, kwa kuwa uvutaji wa gundi miongoni mwa watoto na vijana ni tatizo linalofahamika Afrika Mashariki.

10.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba kudumu kwa sponji katika kiti cha mtoto hutokana na mambo matatu yanayopaswa kuamuliwa kwa mfuatano: kuitambua sponji, kuteua gundi inayopatana nayo na inayovumilia maji, na kuipaka wakati ambapo hewa inairuhusu ikauke. Kwa viti vya mbao vyenye sponji ya poliurethani au eva, gundi ya mpira inayopakwa pande mbili ndiyo inayofaa zaidi, kwa sharti kwamba mvuke wake umekwisha kabisa kabla ya matumizi. Mahali ambapo hewa safi haipatikani, gundi ya seremala yaweza kutumika kwenye sehemu zisizolowa, nazo sehemu zinazolowa zifungwe kwa kitambaa na misumari midogo.

Utafiti zaidi unahitajika kuhusu mwenendo wa viungo hivi katika misimu yote ya mwaka, kwa kulinganisha viti vilivyobandikwa wakati wa kipupwe na vilivyobandikwa wakati wa kiangazi. Mpaka hapo, kipande cha ubao chenye gundi kinachoangaliwa kwa dakika kumi kabla ya kazi kuanza kinaweza kumwepusha mtoto na kiti kitakachomwacha akikalia ubao.